Mi ndo natunza hela za wenye shida, sasa mwenye shida ni mimi

Shikamoo Shangazi.

Naomba usiweke jina langu wala mtaa, sema tu ni mama wa Tanga, maana mji wetu unaujua, ukikohoa Makorora wanakuuliza hali Chuda. Nina miaka 38, watoto watatu, nauza vitumbua asubuhi.

Iko hivi. Mtaani kwetu kuna mfuko. Alikuwepo bibi mmoja, Mungu amrehemu, hakuwa tajiri ila alikuwa na nyumba ya kupangisha, vyumba vinne na fremu mbili kwa mbele, na kabla hajafa akaita watoto wake na shehe na mzee wa kanisa ambaye ni jirani yake wa miaka yote, akasema nyumba hii isiuzwe, kodi yake iwasaidie wenye shida wa hapa hapa, awe Muislamu awe Mkristo. Watoto wakamheshimu, wakasajili wadhamini RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, wapo watano, kila kitu kwa karatasi. Mwaka wa tisa huu. Chumba 40,000, fremu 100,000, kwa hiyo mwezi ukienda vizuri ni 360,000, na binti yake aliyeko Muscat anatuma chochote Ramadhani na sikukuu. Basi, hakuna mzungu wala mfadhili.

Usione hela ndogo Shangazi, tumefanya mengi. Tumewakatia kaya kibao ile bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, ilikuwa 30,000 watu sita. Januari sare na daftari. Nauli za wagonjwa wa kliniki. Bibi mmoja paa lilipeperushwa na upepo tukamnunulia bati na misumari, fundi akajitolea. Sanda, jeneza, ndo usiseme. Hela mkononi hatumpi mtu, tunalipa dukani moja kwa moja, na hatupigi picha mtu, marehemu alikataza.

Mi ndo mweka hazina. Line inayopokea kodi ni kwa jina langu na kitambulisho changu, kwa sababu wakati ule wenzangu wazee wakasema mambo ya simu hatuyataki, wewe kijana chukua. Daftari, ile kaunta buku kubwa, nayo ninayo mimi, inakaa juu ya kabati chini ya shuka.

Na pia mi ndo naenda kukagua, na kiukweli nilikuwa mkali. Nikifika kwa mtu sikai sebuleni, napitiliza jikoni, nafunua sufuria, nagusa majivu nijue ya leo au ya juzi. Kuna dada mmoja mwaka juzi mume alimkimbia, akaomba tumsaidie ada ya mtihani ya mtoto. Nilimkuta na TV ya ukutani. Nikamwambia uza hiyo kwanza ndo uje. Akalia pale pale mlangoni. Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, ANAJIWEZA. Nakuambia hili kwa sababu siku hizi silali nikilikumbuka.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Mwezi wa kumi na moja mwenye lori kaliuza, na mpaka leo anakaa kijiweni anasubiri deiwaka, akipata leo hapati siku nne. Mtoto wetu wa mwisho, miaka 7, ana selimundu. Mwezi wa pili katikati, usiku kama saa nane, akaanza kulia mguu, mara kifua, mara akawa halii tena, na hapo ndo mama unaogopa. Bajaji mpaka hospitali. Damu imeshuka mpaka 4.8, aongezewe, vipimo, dawa, na sisi bima iliisha mume alipoacha kazi. Jumla ikaja 172,000. Mfukoni nina 22,000. Nikapiga simu kwa kaka zangu, na simu za usiku unajua zilivyo, zinaita mpaka zinakata.

Kwenye ile line ya mfuko kulikuwa na 410,000.

Nikajitumia 100,000 usiku ule na 50,000 asubuhi. Mkono haukutetemeka, ndo kinachoniogopesha zaidi. Nikasema mwisho wa mwezi narudisha. Mwisho wa mwezi nikarudisha 30,000. Ikabaki 120,000, na kikao chetu ni Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, daftari linasomwa na salio linatajwa.

Sasa hapo ndo nilipoharibu. Chumba namba tatu anakaa kijana fundi viatu. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu akalipa miezi mitatu kwa mkupuo, 120,000 kamili, kwenye ile line. Akaniomba risiti nikamwambia kitabu kimeisha nitakuletea. Sikumwandikia. Kwenye kikao nikasoma, namba tatu, hajalipa. Mahesabu yakakaa sawa kama nini. Mwezi wa nne nikasoma tena, namba tatu, hajalipa. Mwenyekiti akasema huyu kijana mbona alikuwa mzuri, sawa, kikao cha mwezi wa tano kama bado apewe notisi. Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia!

Wiki iliyopita huyo kijana kanishonea viatu vya shule vya huyu huyu mtoto, soli ilikuwa imeachia. Nikatoa 2,000 akakataa, akasema mama acha bwana, mtoto mgonjwa.

Mume hajui. Anajua kaka yangu ndo alituma hela ya hospitali.

Nimewaza kuchukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, nirudishe kimya kimya, kijana nimwandike amelipa, yaishe. Nimewaza kumwambia mwenyekiti, ila yule mzee ni wa msimamo. Nimewaza kujiuzulu niende kwa mama yangu Lushoto. Na kuna kitu kingine naona haya hata kukiandika, kwamba mimi mwenyewe ningekuwa mtu baki nimekuja kuomba, na hali hii niliyonayo, dawa za mtoto kila mwezi na mume hana kazi, ningestahili. Ila nani aje anikague mimi? Akute na TV inchi 43 ukutani?

Mi ni mwizi, Shangazi? Nimekopa au nimeiba? Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama wa Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliifungua nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo, nikashuka mbele nikarudi kwa miguu. Pole kwa usiku ule. Wenye watoto wa selimundu wanaoniandikia ni wengi, nchi yetu ni moja ya nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, na karibu wote wanaelezea kitu kile kile ulichoelezea, kwamba kilio kinatisha ila kunyamaza ndo kunatisha zaidi. Mtoto alipata damu, yuko hai, anaenda shule na viatu vimeshonwa. Tuanzie hapo maana wewe hukuanzia hapo.

Sasa nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe. Una tukio la usiku mmoja, ulichukua 150,000 za mfuko bila kumwambia mtu. Una tukio la pili ambalo halikuwa la usiku wala la haraka, ulikaa kwenye kikao, mchana, ukasoma kwamba mtu aliyelipa hajalipa, na ukarudia mwezi uliofuata. Alafu una hali, hiyo sio tukio, nyumba imepungukiwa tangu mwezi wa kumi na moja na hakuna aliyeambiwa, hata mfuko wenyewe uliopo kwa ajili ya nyumba kama yako. Yote umeyafunga kwenye pindo moja la kanga ndo maana yanakulemea. Tuyafungue moja moja.

Umeniuliza umekopa au umeiba. Mi sio hakimu, na neno mwizi sikupi wala sikuondolei, ila nadhani unalijua tatizo la neno kukopa, lazima wawepo wawili, anayeomba na anayekubali. Wewe usiku ule ulikuwa pande zote mbili. Na nisikufiche, Kanuni ya Adhabu yetu inasema kuchukua hela ya mwingine ukaitumia unavyotaka kunaweza kuhesabika wizi hata kama nia yako ilikuwa kuirudisha baadaye. Sikuambii hivi ukimbie Lushoto. Nakuambia kwa sababu kuna watu watakufariji kwamba ah, si ulikuwa unarudisha, na faraja hiyo ukiingia nayo kwa mwenyekiti itakuangusha dakika ya kwanza.

Lakini pia, hebu tazama hicho kitu kingine. Umesema mkono haukutetemeka na hilo linakuogopesha. Mwanangu, mama mwenye mtoto wa damu 4.8 mkono wake hautetemeki akifanya lolote, angeweza kubeba kitanda. Hiyo sio dalili ya kwamba wewe moyoni ni jambazi uliyejificha miaka yote tisa. Cha kujiuliza ni ile Jumamosi ya mwezi wa tatu. Pale ulikuwa na muda. Ulifikiria nini kabla hujasoma "namba tatu"? Ulisema atakuja kusafishika tu mbele ya safari? Ulisema ni kijana, hana familia, hatoumia sana? Nauliza kwa sababu jibu lako ndo litakuambia unaogopa nini hasa, hela, au macho ya wale wazee.

Maana nahisi ni macho. Na hapa nirudi kwa yule dada wa ANAJIWEZA. Hujaniomba nimzungumzie ila umemweka katikati ya barua, kwa hiyo yupo. Miaka yote umekuwa unaamini kwamba shida ina sura yake: jiko la majivu ya juzi, sufuria kavu, ukuta mtupu. Sasa shida imeingia kwako na imekuta kabati, na sofa, na TV ya enzi za lori, na wewe unajitazama kwa jicho lile lile ulilomtazama nalo yeye, unasema huyu anajiweza. Je, unajiweza? TV ile mkiuza leo mtapata nini, nusu ya bei? Robo? Na mwezi unaofuata mtauza nini? Watu wengi wanaoporomoka wanaporomoka na vyombo vyao ndani, vyombo ni vya mwisho kuondoka. Marehemu bibi alisema wenye shida, ulivyoniandikia, hakusema wenye kuta tupu.

Na hili shehe wenu analijua vizuri. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inataja mafungu manane ya wanaostahili zaka, na mafukara na maskini wamo, ila wamo pia wenye madeni, na msafiri aliyekwama njiani ambaye kwao inawezekana ana ng'ombe hamsini. Hata wale wanaozikusanya na kuzihudumia zaka wametajwa kwamba wana fungu lao. Mfuko wenu sio zaka, ni kodi ya nyumba ya marehemu na una katiba yake, kwa hiyo sikuambii aya hii inakuhalalishia chochote. Nakuonyesha tu kwamba watu wa zamani walishajua mtu anaweza kukwama akiwa na vyombo ndani.

(Niseme na langu kidogo hapa, nawapongeza kwa kutopiga picha. Hii tabia ya kumsimamisha mama wa watu na mfuko wa unga kifuani ndo apigwe picha, mi inanitoa machozi ya hasira.)

Haya, njia ulizozitaja.

Kausha damu. Jina lenyewe wameshakuambia, na wewe una mtoto ambaye damu kwake sio methali. Utachukua 120,000, utarudisha kila wiki na riba wanayopanga wao, ukichelewa wanakuja mlangoni kuchukua hiyo hiyo TV, na mume ambaye hajui atajua kupitia kelele za nje. Ukisema basi nikope kwenye simu, Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni, na mateso yao unayasikia, wanatumia meseji majina yote kwenye simu yako kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Faida ya njia hii ni moja na ni kubwa, hakuna atakayejua. Kama itafanikiwa. Na hata ikifanikiwa, dawa za mtoto za mwezi wa sita zitatoka wapi, na ile line bado itakuwa mfukoni mwako usiku.

Lushoto. Kwa mama hapakosi ugali wala mboga, hilo najua. Ila line ni ya jina lako na kitambulisho chako, daftari ni la mwandiko wako, na ukishaondoka hadithi wataisimulia wengine. Na kliniki ya mtoto ambayo faili lake liko mjini? Sikatai ni njia, watu wameondoka kwa makubwa na madogo kuliko hili, ila mi nikikusoma naona umeitaja kwa sababu umechoka, sio kwa sababu umeipanga.

Kuna njia hukuitaja kabisa na nimeshangaa. Hukusema kuuza hiyo TV mwenyewe. Labda nimekosea, labda ni ya mkopo au imeharibika. Ila nadhani hukuitaja kwa sababu ukiishusha ukutani mume atauliza, na kila mlango ukiusukuma unakuta mume nyuma yake. Umebeba peke yako, na yeye kijiweni kabeba yake peke yake, anajua shemeji ndo alimlipia mtoto hospitali na pengine hilo nalo linamla. Sijui ndoa yenu ikoje, wewe ndo unajua kama ni mtu wa kusikiliza au wa kupayuka. Kumwambia kuna hatari zake, anaweza kuumia, anaweza kwenda kwa mwenyekiti kabla yako, anaweza kusema uza TV leo leo. Kutomwambia maana yake mpango wowote wa kulipa utaupanga na hela ya vitumbua peke yake.

Mwenyekiti. Unasema ni wa msimamo na umeliweka hilo kama ubaya. Inawezekana. Inawezekana pia mzee wa msimamo ndo mtu ambaye ukimpelekea jambo likiwa zima, halijakatwa vipande, anajua la kufanya nalo. Sikuahidi kitu. Anaweza kukuondoa kwenye uhazina, hilo karibu lazima na pengine ndo sahihi kwa sasa. Wadhamini wanaweza kutaka lifike polisi. Yule binti wa Muscat anaweza kukunja mkono, na hapo watakaoumia ni wale wa sare na bati. Na mji wenu wa kukohoa na kuulizwa hali, utaulizwa hali kweli kweli. Upande wa pili, wewe ndo unapeleka, haujakamatwa, na kati ya hayo mawili kuna tofauti kubwa ambayo wazee huwa wanaipima. Ukienda usiende mikono mitupu, nenda na daftari, na meseji za miamala yote mitatu, ile 100,000, ile 50,000 na ile 30,000 uliyorudisha, na karatasi ya hospitali, na namna unavyoweza kulipa. Hata 20,000 kwa mwezi, 120,000 ni miezi sita. Usiahidi 40,000 ukiwa na 15,000, maana ahadi ya pili ikivunjika hakuna wa kukusikiliza tena.

Wengine huanza na mtu mmoja wanayemwamini, labda yule mzee wa kanisa. Ina nafuu yake, ila kuwa makini usimgeuze kuwa mtunza siri. Ukimwambia "baba naomba ibaki kwetu" umemtia naye ndani. Ukimwambia "baba naomba uwe pembeni yangu nikilisema" hapo umepata mtu.

Kuomba msaada wa mfuko wenyewe. Hili uliloona haya kuliandika mi ndo nimeliona lina maana kuliko yote, na pia ndo lenye mitego. Soma katiba yenu kwanza, ile iliyokwenda RITA, nyingi zina kifungu kuhusu kiongozi na maslahi yake, yenu inaweza kuwa inakataza kabisa au inaruhusu kwa masharti. Kama inaruhusu, mtu mwingine akague, wewe utoke nje wakijadili, na iandikwe. Watu watasema wanagawana wenyewe kwa wenyewe? Watasema. Na ukiomba kabla hujasema la 120,000, siku likijulikana ombi lako litaonekana ni ujanja wa pili. Hivyo viwili vina mpangilio wake, nadhani unauona.

Na wakati hilo linasubiri, mbona milango mingine hujaigonga? Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ipo kwa ajili ya wasioweza kulipa, na unaenda na barua ya mtendaji wa mtaa, na nina hakika katika miaka tisa umeshawaelekeza wengine huko. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ni ya wanawake, inataka kikundi na inachelewa, haikusaidii Jumamosi ijayo, ila vitumbua vya wanawake watano ni biashara tofauti na vya mmoja. Wewe unazijua njia hizi kuliko mimi. Unazijua kwa ajili ya watu wengine.

Neno moja kuhusu mfuko wenyewe, sio kukutetea. Vikoba vya mitaani, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu, na hakuna anayeona ametukanwa. Nyie mna line moja, daftari moja, mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ndo anakagua. Mlikuwa mnasubiri tu usiku wa mtu. Siku hizi hata kwenye simu kuna huduma za vikundi, M-Koba mfano, hela haitoki mpaka wengine waidhinishe. Unaweza kulipendekeza hilo, ila angalia unalisema lini. Ukilianzisha kabla hujasema lako litaonekana umeweka kufuli kwenye zizi ukiwa umeshakula mbuzi.

Nimemwacha fundi viatu mwisho kwa sababu kwake ndo sikupata upande wa pili. Kwenye mengine yote naona hivi na naona vile, na uamuzi ni wako, mwenye mtoto ni wewe na mwenye mji ni wewe. Yeye ana meseji ya muamala kwenye simu yake, siku akipewa notisi ataitoa, na hapo hutakuwa na nafasi ya kusema wewe kwanza. Lakini hata asingekuwa nayo. Kuna wazee watano wanaomwona sasa hivi ni kijana aliyeharibika, pengine wanamjibu salamu kwa mkato na yeye hajui kwa nini, na juzi kakaa na sindano anashona soli ya mtoto wako.

Kwa hiyo lolote utakaloamua kuhusu mume, mwenyekiti na Jumamosi, kitabu cha risiti unacho, hakikuisha. Mwandikie risiti yake. Miezi mitatu, 120,000, na tarehe weka ile ile aliyolipa.

Shangazi